Joto Lililonijia Mbele ya Muuza Pweza

Alhamisi, Mkunazini. Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri na nguo zangu za kazini hazijakauka. Leo si nguo zinazonishughulisha.

Nimeshtuka. Tangu jana nimeshtuka, na ninaandika huku nikiitazama mikono yangu kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Kwa atakayeiokota shajara hii bila kunijua: mimi ni mjane wa miaka arobaini na tisa, mwalimu wa biolojia, watoto wangu wakubwa na wana nyumba zao. Kesho baada ya Sala ya Ijumaa kaka yangu Nassor lazima atoe jibu la posa yangu. Aliyeposa ni Bwana Seif, mgane, mwenye duka la miwani kule Mlandege.

Nilikwenda dukani kwake kupimwa macho. Aliponisogelea kunivisha fremu, joto likanipanda kutoka kifuani hadi masikioni, moyo ukaenda mbio, viganja vikalowa. Nikajiambia, Rukia, haya sasa. Tangu mume wangu afariki sijasikia kitu cha namna ile. Posa ilipokuja nikaswali istikhara, kumwomba Mungu anichagulie lenye kheri, maana jambo kama hili haliendewi kichwakichwa. Nikiwa bado juu ya mswala, joto lile lile likanienea kifuani. Nililia kwa furaha. Nikaona nimeshajibiwa.

Kumbe.

Jana nilikuwa sokoni Darajani, mbele ya mzee anayeuza pweza. Hana jino la mbele hata moja, na alikuwa akimtukana paka. Ninanyoosha mkono kupokea mfuko wangu, joto hilo likapanda. Kifuani, shingoni, masikioni. Moyo mbio, viganja maji. Lile lile, halikupungua hata chembe.

Nikamtazama yule mzee. Naye akanitazama, akaniuliza kama pweza namtaka na kichwa chake.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Mbweni kwa mdogo wangu Salha, ambaye ni muuguzi, nikamweleza yote, hata ya juu ya mswala. Akaniuliza hedhi yangu ikoje. Nikamwambia siku hizi inaruka miezi. Akaanza kucheka, halafu akauona uso wangu akaacha.

"Da Rukia, hayo si mahaba. Hedhi inakoma hiyo. Kwani we si ndo unayewafundisha watoto mambo haya?"

Ninawafundisha. Kila mwaka nachora ubaoni mwili wa mtu, na mishale inayotoka moyoni, tumboni na kwenye ngozi kuelekea kwenye ubongo. Nawaambia ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, hauoni nje. Unaletewa habari za mwili, kisha unaangalia mtu yuko wapi na nani, ndipo unazipa habari hizo jina. Moyo ukienda mbio mbele ya mbwa mkali, jina lake hofu. Ukienda mbio mbele ya mwanamume mtanashati anayenukia udi, jina lake ni lile nililoupa mimi. Wanafunzi wangu wamefaulu mitihani kwa maelezo hayo. Mwalimu wao kafeli.

Kukoma hedhi hakunitishi, hiyo ni safari ya kila mwanamke. Kinachonitisha ni kwamba sikujua. Ningeweza kuapa kwamba nampenda yule bwana. Kama hilo nimelisoma vibaya, lililo ndani ya kifua changu mwenyewe, basi huyu ninayemwita mimi anajua nini?

Na istikhara yangu je?

Nilimuuliza Salha hilo kwa sauti ndogo, kwa aibu. Akasema yeye si shekhe, lakini alivyomsikia marehemu mama, istikhara haijibiwi kwa joto la kifua. Mtu huomba, kisha huliendea jambo lake. Likiwa na kheri litafunguka, likiwa na shari litafungika. "Sasa liendee," akasema.

Leo nilipotoka skuli nikaliendea. Nilisingizia mguu wa miwani umelegea, na ulikuwa umelegea kweli, nimeulegeza mwenyewe. Bwana Seif akanipa kiti. Nikakaa kulisubiri joto. Alinisogelea, akaivua miwani usoni mwangu, na moyo wangu ukaendelea na shughuli zake kama hajanisogelea mtu. Nilisikia huzuni, sikufichi ewe shajara. Nikaona ndiyo basi, yamekwisha.

Akaingia bibi mmoja anayetaka miwani ya kutungia sindano. Bwana Seif akatoa sindano na uzi kwenye saraka yake, akamvisha lenzi moja baada ya nyingine, akasimama kimya kila mara mpaka bibi ajaribu. Hakumharakisha. Uzi ulipopita bibi akambariki, na mimi nikapiga mwayo.

Mwayo mkubwa, mbele ya mposaji, bila kuziba mdomo. Nikajitazama. Mabega yameshuka, miguu nimeinyoosha, viatu nimevivua. Nilivivua saa ngapi? Sina habari. Mimi ni mtu nisiyeegemea kiti hata kwa ndugu zangu.

"Bi Rukia, watoto wa skuli wamekuchosha leo," alisema bila kucheka. "Kaa tu. Nshakaza upande mmoja, bado wa pili."

Najua. Huenda utulivu huu nao ni uchovu na kiti kizuri tu. Nimeshaumwa na nyoka, sasa hata ung'ongo naushtukia.

Baada ya magharibi nikampigia kaka, nikamwambia awajibu nimekubali.

"Rukia?"

"Naam."

"Una hakika?"

Nikautafuta moyo, nikaukuta umetulia. Viganja vikavu. Hapakuwa na dalili hata moja ya kunisaidia kujibu.

"Nna hakika," nikasema.

Nilipokata simu nikajikuta nimekaa chini sakafuni, na hadi naandika haya sijainuka. Safari hii sina haraka ya kuipa hali hii jina.