Daftari la Zahanati ya Chumvini

Mama Shija, mke wangu,

Nakusalimu kutoka mashamba ya chumvi, kusini ya Pangani. Jua ni kali na mikono imechanika, ila leo kinachoniliza ni kingine.

Mwanaidi, yule mama ntilie Mzigua niliyekusimulia, amefariki akijifungua. Kila asubuhi alinipakulia muhogo wa nazi huku akinitania, "Kula, Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe chumvi tu inakushinda?" Mazikoni mimi mtani wake nilitakiwa niwachekeshe wafiwa. Nilisimama, nikashindwa.

Wanawake wa huku, mimba ikikomaa, hurudi kujifungulia kwa mama zao. Mwaka jana wataalamu walifungua daftari la zahanati, wakaona hakuna wanaojifungua hapa, wakahamisha mkunga na kitanda. Mwanaidi mama yake alishakufa, hakuwa na pa kurudi. Alitokwa na damu mpaka akakata roho njiani, juu ya pikipiki. Muuguzi aliyebaki aliniambia, "Daftari halikudanganya, kaka. Hatukuuliza tu wanakwenda wapi."

Nilikuandikia uje tuwe pamoja mtoto akizaliwa. Usije. Nitavumilia upweke. Kaa karibu na kliniki ya huko, na hata ukienda kupima tu, usiondoke mpaka uone wameandika jina lako, wasije wakasema huko nako hakuna wazazi.

Mpakate Shija kwa niaba yangu. Mungu akujalie ujifungue salama.

Baba Shija