Herufi Niliyoimeza

Karakana ya Mawe,
Mlango wa bluu, nyuma ya ghala la saruji.
Jumatano, siku ya kumi na moja tangu Jemadari azikwe.

Mpendwa binti wa kaka yangu,

Mimi baba yako mdogo ndiye niliyemzika Jemadari. Nilishika kamba, nikamshusha taratibu, na udongo wa kwanza ulitoka katika kiganja changu hiki.

Haya, naongopa. Nilikuwa nje ya uzio pamoja na wauza maji, nikaona vizuri sana kofia ya askari aliyesimama mbele yangu. Lakini soma mpaka mwisho, utakuta uongo wangu haukwenda mbali.

Kwanza, hujambo? Mumeo yule mrefu hajambo? Na mjukuu wangu, meno yametoka au bado anatafuna kwa ufizi kama mimi? Sisi wazima. Magoti yanalia kama bawaba, na macho ni yaleyale: moja linafanya kazi, jingine linasindikiza.

Mama yako mdogo ni mzima ila kavimba macho. Amemlilia Jemadari siku tatu. Mimi nilipolazwa mwaka juzi alilia nusu saa, akaenda zake sokoni.

Nikamwambia, "Wewe mwanamke, kaka yangu ulimlilia hivyo?" Akanijibu, "Mzee, usinianze. Kisomo cha watu wazima ulikipata kwa nani? Si ulikuwa unatia dole gumba wewe?" Ni kweli. Herufi zangu zote nilizipata kwenye yale madarasa ya jioni aliyoyafungua Jemadari. Wala sitamnyima haki yake nyingine. Kabla yake tulikuwa tunashuka mtaroni kuwapisha wakoloni wapite. Siku waliyofunga mizigo nilicheza mpaka kiatu kikapasuka, na baba yako akanibeba mgongoni mpaka nyumbani, mtu mzima na ndevu zangu.

Lakini ni huyohuyo aliyetuma watu wawili kumchukua baba yako darasani, chaki mkononi, kwa sababu aliuliza mkutanoni uchaguzi utakuwa lini. "Mahojiano kidogo tu," walisema. Ulikuwa na miaka tisa. Mahojiano hayo kidogo yametimiza miaka ishirini na sita. Nimechonga mawe ya makaburi ya nusu ya mji huu, na ndugu yangu wa tumbo moja hana jiwe, kwa kuwa sijui pa kulisimamisha.

Sasa sikia. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, yule tunayemwita Mashavu, alinijia na karatasi imeandikwa: HAPA AMELALA ALIYETUKOMBOA. Akasema, "Fundi Amana, jiwe hili watalisoma wageni wa nchi saba. Usije ukatuaibisha."

Jina hilo unakumbuka lilivyonipata. Kwenye jiwe la mchinjaji nilitaka kuandika LALA KWA AMANI, nikaandika LALA KWA AMANA. Mjane wake akasema liachwe hivyohivyo, marehemu alipenda sana kuweka akiba.

Nikapiga kazi siku nne, vumbi limejaa puani. Nilipomaliza B nikasimama kupiga chafya. Mikono yangu ilikuwa myeupe kama ya baba yako akitoka shuleni. Nikaitazama kwa muda. Kisha nikaruka O, nikaweka A, nikaichimba kwa kina kuliko zote.

Soma mwenyewe: HAPA AMELALA ALIYETUKOMBA. Kama mtu anavyokomba sufuria kwa kidole, habakishi hata ukoko.

Mama yako mdogo aliniletea chai, akaliona. Akalisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa. Akajikalia juu ya mfuko wa saruji. Nilijua leo napigwa na nyundo yangu mwenyewe. Akasema, "Yote mawili alifanya." Akaongeza, "Lile la kwanza watalisema wao kwenye vipaza sauti kutwa nzima." Akachukua ncha ya khanga yake, akapangusa vumbi ndani ya ile A.

Jana Mashavu alikuja kukagua. Akapitisha kidole kwenye tarehe, maana ndizo alizoziogopa, akasema, "Safi sana, Fundi!" Akalifunika kwa bendera. Litafunuliwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Shati nimeshapiga pasi. Safari hii nitakuwa ndani ya uzio, fundi nimealikwa, na jiwe sitalitazama hata kidogo. Nitatazama nyuso.

Sijuti, mwanangu. Wao walimfuta baba yako mzimamzima, jina, mifupa na chaki yake. Mimi nimefuta herufi moja tu, wasininung'unikie.

Nisalimie mumeo, na umpe mtoto busu langu lisilo na meno. Mama yako mdogo anakusalimu, anauliza kama huko pia kuna vumbi. Mungu akufungulie kila mlango unaousukuma, na awape usingizi watu wa nyumba yako yote.

Sasa lile jambo letu. Watakuja kuniuliza, kosa au makusudi? Kosa ni kicheko. Makusudi ni mahojiano kidogo. Na wewe usijifanye umesahau: ulipokuwa darasa la sita, watoto wote walipopangwa barabarani kumpungia Jemadari, hukutaka kwenda. Nikamwandikia mwalimu mkuu kwamba mtoto "anaumwa na tombo." Akauliza ni ndege gani huyo mwenye meno, akacheka mpaka akakusamehe. Ukaniambia, "Baba mdogo, na mimi nitakuandikia siku moja."

Siku ndiyo hii. Wewe sasa ni mwalimu, una kalamu nyekundu na mhuri wa shule. Niandikie karatasi moja tu, kwamba unanijua tangu utotoni na hujapata kuniona nikimaliza mstari bila kumeza herufi. Mpe yeyote anayesafiri kuja huku, ifike kabla ya Jumamosi hiyo. Na hii ukishaisoma, ichome. Humu nimeliandika neno lao bila kosa mara moja, na mara moja inatosha kunifunga.

Wako akupendaye bila kumeza hata herufi moja,
Baba yako mdogo,
Fundi Amana