Fatiha Moja Kabla ya Kufungua Komeo

Mpendwa mdogo wangu Salim,

Ulizoea kunicheka kwamba siwezi kusema jambo bila kulieleza tangu mwanzo wake. Huko uliko huna tena haraka, basi niache nieleze.

Watakaosoma barua hii hawakujui. Wajue kwamba tuliletwa Jeddah kutoka Unguja baada ya mapinduzi, mimi nikitembea, wewe ukiwa mgongoni kwa mama. Wajue kwamba mimi nilibaki Jeddah kusomesha hesabu, nawe ukapata kazi Riyadh, katika jumba moja la Al-Malqa, ya kutunza bunduki za kale za kafili wako, tajiri aliyekudhamini ukaishi nchini. Zilikuwa bunduki za vita vya zamani, zile ambazo kila ukitaka kupiga huna budi kuvuta komeo kwa mkono: za Waturuki, za Wajerumani, na ile ya Kiingereza ya risasi kumi, sawa na aliyoibeba baba yetu vitani Burma. Ulipoishika mara ya kwanza ulinipigia simu, ukalivuta komeo lake karibu na simu ili nisikie. Nilisikia.

Likizo za skuli nilikuja kwako, na kafili akatuchukua hadi kiwanja chake cha shabaha nje ya mji. Atieno, dada wa Kisumu aliyefanya kazi za ndani, aliletwa atupikie chai. Alikaa mbali, amejifunga leso masikioni.

"Wazee, hiki chuma kimewashinda umri na bado mnakibembeleza kama mtoto," alituambia.

Ukamjibu kwamba mtoto huyu angalau hakui akasahau wazee wake. Ukamwambia pia kwamba akitaka tutamfundisha kupiga, naye akasema yeye hata kuku huchinjiwa na jirani. Hata kafili alicheka, ingawa sidhani alielewa.

Risasi za kale zina tabia moja. Baruti yake imekaa kwenye makasha miaka mingi, kwa hiyo mara nyingine unabana kifyatulio, unasikia tak, kisha kimya. Unadhani imekufa, kumbe moto unatambaa ndani. Ndiyo maana baba alitufundisha: ikinyamaza, usiguse komeo. Acha mtutu uelekee kwenye shabaha, soma Fatiha moja kwa utulivu, aya baada ya aya, ndipo ufungue. Vitani hakuwa na saa, na hicho ndicho kilichokuwa kipimo chake.

Lakini baba alisoma kama mtu anayezungumza na Mola wake. Wewe ulisoma kama ulivyokula na kama ulivyotembea. Tukiswali pamoja ulimaliza kabla sijafika katikati, na nilipokukanya ulisema, "Kaka, Mungu si mzito wa kusikia."

Asubuhi moja kiwanjani, ile ya Kiingereza ikalia tak mikononi mwako. Niliiona midomo yako ikicheza. Sijavuta hata pumzi moja, nikauona mkono wako ukienda kwenye komeo. Risasi ikawaka komeo likiwa nusu wazi, ganda la shaba likapasuka, na vipande vikaingia jicho lako la kulia. La kushoto nalo baadaye likafifia, kama ndugu anayemfuata ndugu yake. Atieno ndiye aliyefika kwanza. Alivua leso yake akakufunga uso. Nawe, damu ikikutiririka, ulisema neno moja tu, ukanielekezea mimi:

"Kaka, nimeisoma yote."

Najua uliisoma. Sijawahi kukushuku.

Kafili alilipa hospitali, simnyimi haki yake. Lakini mtunzaji asiyeona ni wa nini? Alikuja kitandani kwako, akatazama sakafu, akasema halas, ya Salim, yaani basi, kazi imekwisha. Ikama, kile kibali cha kuishi, haidumu bila kazi, nami ni mgeni kama wewe, siwezi kuwa kafili wa ndugu yangu. Nilibisha kila mlango Jeddah, nikafika hadi mtaa wa Karantina kwa watu wanaosemekana kuzijua njia. Kila mmoja aliniambia mafi, hakuna. Ukarudishwa Unguja, kisiwa ulichokiacha hujajua kusema, kwa jamaa waliokujua kwa jina tu. Tulipoagana kwenye uwanja wa ndege, uliniuliza kama huko yuko mtu anayeijua sauti yako.

Hukumaliza mwaka. Nilipigiwa simu umekwisha kuzikwa.

Bunduki zimeuzwa. Zimetobolewa mitutu zisipige tena, zimetundikwa ukutani katika hoteli moja ya mtaa wa Olaya, hukohuko Riyadh. Nilikwenda kuziona. Watu wanapiga picha mbele yake. Nilitafuta hasira ndani yangu, sikuipata hata hiyo. Maisha yangu yote nimesomesha nikiamini kwamba jambo likielezwa vizuri huwa jepesi. Hili nimelieleza kwa imamu, kwa daktari, kwa mke wangu, na sasa kwa watu nisiowajua, na uzito ni uleule.

Mwakani skuli haitanihitaji tena, na ikama yangu itakwisha pamoja na kazi. Nami nitarudishwa Unguja. Nimewauliza jamaa ulipozikwa. Wanasema hapakuwekwa alama, na mvua za masika zimeusawazisha udongo. Nitashuka katika nchi ambayo ndani yake namjua mtu mmoja tu, nami sitajua nisimame wapi nimpe salamu.

Pumzika, mdogo wangu. Mimi sijui kupumzika.

Kaka yako mkubwa