Konsila Uliyonitumia kutoka Kopenhageni

S.L.P. 41,
Kamachumu, Muleba.
9 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Kokushubila,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo? Shemeji Rugaibula na mwanenu Byabato hawajambo? Mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umepoa? Sisi huku tunashukuru. Mama yetu Mae anakula vizuri, na hata maneno yaliyopotea tangu apate kiharusi yanarudi mojamoja. Kahawa tumeanika, jua linatosha.

Nimeona nikuandikie, kwa kuwa Gamaliel, yule uliyempa mzigo wako, anarudi huko Jumatatu na amekubali kuibeba barua. Mengine hayaelezeki kwenye simu Mae akiwa karibu.

Mzigo aliufikisha salama. Sweta limemtosha Mae. Kichupa chenye kifuniko cha dhahabu ndicho kilichonishinda. Nilidhani ni rangi ya mdomo, nikajipaka, nikawa kama mtu aliyekunywa maziwa asifute. Niliposoma ujumbe wako ndipo nikajua ni konsila, ya kuficha weusi wa chini ya macho. Nilicheka, kisha nikausoma tena. Kumbe tulipokuwa tunaonana kwa video ulikuwa unayatazama macho yangu, na hukusema kitu.

Jumapili nikaipaka kwenda kanisani, nyingi kama losheni. Joviana, tunayeimba naye sauti ya pili, akaninong'oneza, "Mwalimu, umeangukia unga?"

Wiki iliyofuata nilikwenda Bukoba kununua kitambaa cha sare za kwaya kwa Mama Shanta, mjane wa Yashwant. Bado yuko dukani palepale, ingawa watoto wake wote wamehama. Nikamwonyesha kichupa. Akanikalisha mlangoni penye mwanga.

"Nukta tatu tu, mwalimu. Halafu gongagonga kwa kidole cha pete. Usisugue."

Nilipojitazama kwenye kioo, waitu Koku! Niliuona uso niliokuwa nao kabla Mae hajaugua. Haikukauka, haikujikusanya kwenye mikunjo, na rangi ilikuwa yangu hasa. Nilirudi nyumbani najitazama kwenye kioo cha kila gari lililosimama.

Jumamosi akaja kaka yetu Kyaruzi kutoka Kemondo. Mimi ndiye niliyemwita, tuzungumze juu ya kumhudumia Mae, maana kwa miezi mingi nilikuwa peke yangu: kumgeuza usiku, kumwogesha alfajiri, kisha niwahi darasani. Na asubuhi ile nilikuwa nimejipaka vizuri kama nilivyofundishwa. Akanitazama, akatabasamu.

"Dada, nimekuja na wasiwasi bure. Umependeza! Naona unayamudu. Basi tuendelee hivihivi."

Hata kumkasirikia sikuweza. Kila aliponipigia simu nilimjibu kwamba tuko salama, hatuna shida. Nikachovya ncha ya kitenge kwenye maji ili nifute jicho moja, lakini konsila yako haitoki kwa maji. Ikabidi nichukue mafuta ya Mae. Kyaruzi alikaa ananishangaa.

"Sasa tazama jicho hili," nikamwambia. "Halafu tazama na hili."

Alitazama, akarudia kutazama. Kisha akauliza taratibu, "Tangu lini?"

"Tangu Desemba."

Akatoka, akasimama kibanjani katikati ya migomba. Nilimwona anajifuta uso kwa mkono wa shati. Aliporudi alikuwa tayari anaongea na mkewe kwa simu.

Tangu siku hiyo mkewe Joanitha hufika kila Alhamisi jioni, hukaa na Mae hadi Jumapili. Kyaruzi naye huja Jumanne. Mwanzo alimgeuza Mae kwa woga kama anayebeba mayai, sasa anajua. Mimi nalala, Koku. Wiki iliyopita nililala mpaka watu wa maziwa wakagonga dirisha.

Sikuandika haya ili uhuzunike. Nilikudanganya na wewe pia, ukiniuliza hali nikasema nzuri. Naomba unisamehe. Kuanzia sasa ukiuliza, nitakueleza ilivyo.

Konsila bado naipaka Jumapili, kwa kuwa naipenda. Joanitha nimemwonjesha mara moja, na sasa nimeificha kabatini chini ya mashuka. Juzi Mae aliniona mbele ya kioo akasema, wazi kabisa, "Na mimi." Nikampaka. Akajitazama kwa makini, akaniamuru nimfunge kilemba kile cha harusi yako, ndipo apigwe picha. Nimeiweka humu ndani ya bahasha. Usiicheke, alijiandaa saa nzima.

Mae, Kyaruzi na Joanitha wanakusalimu sana. Mbusu Byabato kwa niaba ya mama yake mkubwa na wote wa huku. Mungu awalinde katika kazi zenu na awarudishe tuonane tukiwa wazima.

Ni mimi dada yako akupendaye siku zote,
Magdalena