Vitambaa vya Mafuta

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni tarehe 14 mwezi wa tatu, saa 3:20 asubuhi.
Anafahamika kama: Mama Pacha. Umri: miaka 47. Kazi: mshona nguo. Makazi: nyumba ya familia, nyuma ya ghala la saruji.

Nimekuja kwa hiari yangu. Mnayemshikilia ni mdogo wangu, tumbo moja. Tulikuwa tunaishi na mama yetu, ambaye miguu yake ilikufa ganzi miaka sita iliyopita.

Mdogo wangu ni seremala. Anatengeneza makabati mapya, kisha anayazeesha pale ukumbini kwetu. Huzipiga mbao kwa mnyororo zipate makovu, hutoboa vitundu kwa sindano zangu za cherehani vionekane ni vya wadudu, hupaka siki iliyolowekwa misumari yenye kutu, mwisho husugua kwa vitambaa vya mafuta ya mbao. Wateja wanajua ni mapya, hamdanganyi mtu. Mtaani wanamwita Fundi Kale. Mama alikuwa akimtania asimguse, maana yeye ameshazeeka bila msaada wake.

Vitambaa vile huvianika nje, kimoja kimoja, kwenye waya. Aliwahi kuniambia kuwa vikirundikwa vingali vibichi hupata joto vyenyewe mpaka vikawaka. Nilimsikia. Kitambaa kuwaka bila kiberiti nikaona ni maneno ya mafundi tu.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa sita mchana, alitoka kumfuata mteja aje kuona kabati alilolipaka asubuhi. Saa saba mawingu yalitanda. Nilianua nguo, na vitambaa vyake pia, kama kumi na tano. Niliona aibu mgeni avikute vinaning'inia mlangoni. Nilivishindilia kwenye gunia, nikalisukuma nyuma ya kabati, karibu na mlango wa chumba cha mama. Nikamlisha mama, nikamgeuza alale ubavu. Saa nane na robo nilikwenda duka la dawa kumchukulia vidonge. Vidonge nilivipata mapema. Nilikawia kwa kupiga soga.

Nilirudi saa kumi kasorobo. Moshi ulikuwa unatokea madirishani na majirani wanamwaga maji. Mdogo wangu, aliyenitangulia kurudi, alikuwa ameingia ndani mara mbili. Mara ya pili alitoka na mama mgongoni. Mama alikuwa ameshakata roho.

Hospitalini, akifungwa bendeji kwenye mikono iliyobabuka, aliniuliza vitambaa vilikuwa wapi. Nilimwambia. Akasema:

"Dada, wewe hukuvigusa. Ni mimi niliyeacha sigara inawaka."

Nilimwambia hajavuta sigara tangu baba afe.

"Wewe una watoto. Mimi sina. Nyamaza."

Nikanyamaza.

Tarehe 11 tulimzika mama, yeye akiwa humu ndani. Mjomba alisema mbele ya watu kwamba hata akitoka asikanyage pale kaburini. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwa mjomba. Wanawake walinishika mikono wakinipa pole, nami nikazipokea zote.

Jana mmoja wa wanangu aliniuliza kama mjomba wake aliye humu ndani ameua. Nilimwambia ale, chakula kinapoa. Hakula. Mimi pia sikula.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyatenda, wala hakuna aliyenishurutisha.

Sahihi ya shahidi: imewekwa.

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi karatasi hii. Ameikubali isipokuwa sehemu moja: mwanzoni niliandika "vitambaa viliwekwa kwenye gunia", ameniomba nifute, niandike "nilivishindilia". Nimefuta. Mahabusu amearifiwa saa 4:35. Ameshikilia kuwa ni sigara yake, na kwamba dada yake amechanganyikiwa kwa msiba, arudishwe nyumbani. Shahidi ameambiwa anaweza kwenda. Hajaondoka.