Walioponea Chupuchupu

Jumanne, 6 Septemba 1994
Tumemzika Mathieu, fundi wa tanuru. Wa tatu tangu kiwanda kisimamishe kazi. Matangani watu wananong'ona: malaria. Malaria gani! Amejiua, na wote tunajua. Nina hasira. Miaka kumi na tisa nilisimamia usalama kiwandani. Mtu akikatwa kidole tu, tulikaa, tukauliza, tukaandika. Hawa tunawafunika kwa malaria, halafu tunakula bukari, ugali wa matanga. Basi nitauliza mimi.

Jumatano, 7 Septemba
Henriette, mke wangu, anasema nachokonoa misiba ya watu. Pengine. Lakini kazini aliyeponea chupuchupu ndiye aliyetufundisha. Hatukumwadhibu — ungemwadhibu, kesho wenzake wangeficha. Chadrack, mwenzetu wa kiwandani, alijaribu kujiua Juni, akapona. Tangu hapo watu wanahama njia wakimwona. Kesho naenda.

Alhamisi, 8 Septemba
Chadrack hakunifukuza. Kumbe mimi ni wa kwanza kumuuliza. Wengine walimwombea tu. Nikauliza kama zamani: siku zilizotangulia, ulifanya nini?
— Nilianza kugawa bintu byangu. Radio, koti, bitabu. Bantu bote banasema aksanti. Hakuna hata moya aliniuliza juu ya nini niko nabigawa.
Njaa imetufikisha hapo. Ukipewa, unashukuru, unaondoka upesi kabla mwenyewe hajaghairi.
Nikaandika. Halafu nikatazama miguu yangu. Boti za Nicolas, viatu vyake vya kazini! Tulifanya kazi zamu moja miaka tisa. Jumatatu alinipa, bado nzima, nami nikambariki. Mjinga mimi.

Alhamisi hiyohiyo, saa kumi
Niko kwa Nicolas, daftari magotini. Mkewe, Viviane, anasema hata baiskeli ameigawa. Nimemtuma amwite shemeji yake, ndugu wa Nicolas.
Kiwandani, fundi hakuulizwa kama mambo ni salama. Aliulizwa: umeme umekatwa au bado? Nami nimeuliza wazi.
— Nicolas, uko nawaza kujiua?
Akatazama boti miguuni mwangu.
— Ndiyo. Toka dimanche.
Jumapili, basi, na boti Jumatatu. Naogopa. Lakini amesema kwa kinywa chake, na mimi sitoki hapa. Nimemwambia hivyo. Viviane bado hajarudi.
Sasa anauliza naandika nini. Nimemjibu:
— Kile utanieleza.
Amevuta kiti karibu. Anasema nianzie mbali, mwezi ule mushahara wa kwanza ulikosa, na niandike polepole, kwa sababu ni marefu, na hajawahi kumwambia mtu.