Usukani Ndani ya Kikapu

Baba,

Mama amekataa kukufikishia maneno haya. Nilimwambia yeye kwanza, nikidhani kwamba akiyapokea yeye yatakuwa yamekufikia na wewe. Akaniambia, "Mimi si yeye. Mwandikie mwenyewe. Nyie watu wa ofisini mnajua kuandika."

Kwa hiyo naandika. Jumamosi tunamaliza matanga hapa Butiama, na barua hii nitaisoma mbele ya mama, wadogo zangu na baba wadogo wote. Sitaki kukunong'oneza kaburini. Nilichokufanyia nilikifanya kwa siri, na sehemu kubwa ya ubaya wake ilikuwa hiyo siri.

Nianze na mambo unayoyajua. Gari lako, ile Pijo ya kijivu, uliinunua kwa daktari wa misheni aliyekuwa anarudi kwao, ikiwa imekufa injini. Wewe ulikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, na kwa miaka minne kila ulipotoka kazini uliingia chini yake. Nikija likizo kutoka sekondari nilikuwa nasalimiana na miguu yako. Siku ilipowaka ulitupeleka wote mpaka Kiabakari na kurudi, mama akiwa mbele amevaa kanga mpya. Tulipofika nyumbani hukuzima injini. Ulikaa unaisikiliza.

"Baba," ukaniambia, kwa maana nina jina la baba yako na hukuwahi kuniita vinginevyo, "hii gari ndiyo itanisafisha kwa wakwe."

Nyumbani kila mtu aliijua habari hiyo. Ulikwenda Korogwe ukiwa kijana kukata mkonge, ukajifunza ufundi kwenye karakana ya shamba, ukamtaka binti wa pale. Kaka zake wakakucheka. "Utamchukua na nini, Mmara? Mtatembea kwa miguu mpaka huko kwenu?" Ukawajibu kwamba siku utakapomrudisha kuwasalimia atashuka kwenye gari lako mwenyewe, mlangoni kwa baba yake. Halafu mkaondoka na treni, daraja la tatu, mama akiwa amekalia sanduku lake.

Miaka ikapita, hamkurudi. Ulipostaafu ikaja barua kwamba bibi, mama yake mama, haoni tena na hana wa kumpikia. Mama hakukuomba kitu. Alikusomea barua, akaikunja. Wewe ndiye uliyesema, "Tutahama. Tutakaa naye mpaka Mungu atakapomchukua." Unajua jinsi kwetu anavyosemwa mwanamume anayekwenda kuishi kwa wakwe zake. Wenzako wa kiwandani hawakukuonea haya. "Kumbe unakwenda kuolewa uzeeni?" Ukacheka nao. "Anayeolewa hapelekagi gari," ukasema.

Ulikuwa na daftari. Nazikumbuka kurasa zake kuliko za vitabu nilivyosomea mitihani. Magu, angalia maji. Shinyanga, lala kwa fundi mwenzangu. Nzega, safisha plagi. Singida, mama anunue kuku. Dodoma, Morogoro, Chalinze. Mwisho wa ukurasa uliandika Korogwe, mlangoni, ukapiga mstari chini ya neno mlangoni. Mama alishona mto wa kukalia, akaujaza pamba. Kilichokuwa kinakosekana ni petroli.

Hapo ndipo ninapoingia mimi, baba.

Miaka ile petroli ilikuwa haipatikani bila kibali. Aliyekuwa na safari ndefu aliandika ombi, na kamati ya mkoa ilikaa kila Alhamisi kuamua. Mimi nilikuwa karani kijana katika ofisi hiyo, Musoma. Kazi yangu ilikuwa kupanga maombi na kuyasoma kwa sauti mbele ya kamati: jina, gari, safari, sababu. Mstaafu anayehama na mizigo yake alikuwa na haki. Mbele ya macho yangu walipita wastaafu wengi, na sikumbuki hata mmoja aliyekataliwa.

Ulikuja ofisini Jumanne umevaa koti lako la kanisani. Hukuniita kwa jina mbele ya watu, ukanipa karatasi kama unavyompa karani yeyote. YAH: MAOMBI YA MAFUTA KWA AJILI YA KUHAMA. Mwandiko wako wa fundi, herufi zimesimama kama misumari. Ukanong'ona tu, "Baba, usinipendelee. Uiweke kwenye foleni na nyingine."

Niliiweka. Nikakaa naitazama. Mwezi mmoja nyuma, karani tuliyekuwa tukitumia naye meza moja alichukuliwa, kwa sababu kibali cha saruji cha shemeji yake kilikuwa na mwandiko wake. Ilikuwa miaka ya kuwasaka wahujumu uchumi, na kila mtu ofisini alikuwa anaogopa hata kalamu yake. Aliporudi hakurudi kazini. Ukimsalimia njiani alikuwa anaitikia huku anaangalia nyuma yako.

Nikafikiria Alhamisi. Nitasimama nisome jina la ukoo wetu kwa sauti, wote waniangalie, mmoja aulize, "Huyu ni nani wako?" Nilikuwa na jibu la kweli na halikuwa na kosa lolote. Lakini kila nilipolijaribu kimoyomoyo sikulifikisha mwisho. Jumatano nikalitoa ombi lako kwenye jalada, nikalifungia kwenye droo yangu, chini ya riboni za taipureta. Alhamisi nilisoma majina yote isipokuwa lako. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na jambo hilo linanitisha mpaka leo.

Jumapili nikaja Bunda nikakudanganya. "Kamati imekataa, baba."

"Wamesema kwa nini?"

"Hawatoagi sababu."

Ukauliza kama unaweza kuomba tena, au umwone afisa mwenyewe. Nikaogopa kwamba ukimwona afisa utanikuta nimesimama uchi. Ndipo nikaanza kukushauri. Nilizungumza kama kitabu. Nikasema barabara imeharibika, kati ya Shinyanga na Nzega malori yanazama kwenye tope wiki nzima. Nikasema Jumapili baada ya saa nane magari ya watu binafsi hayaruhusiwi kutembea, mtakwama porini. Nikasema gari lipakiwe meli Musoma mpaka Mwanza, kule lipandishwe behewa la wazi mpaka Korogwe, na nyie mpande treni mlale kwenye vitanda kama watu. Halitatumia petroli wala kuchoka, na hati zake nitaziandika mwenyewe. Mambo mengine yalikuwa kweli, hali ya barabara sikuijua. Sikuwa nimewahi kuvuka Mwanza.

Mama alikuwa anachambua mchele. Wewe ulikuwa unazungusha kikombe cha chai mkononi.

"Gari ikitanguliaga peke yake si gari tena," ukasema. "Ni mzigo. Mimi sikuwaahidi wakwe mzigo."

"Itakuwa salama zaidi, baba."

"Sawa. Wewe ndiye umesoma."

Hukulisema kwa kejeli. Uliniamini, ndiyo maana linauma.

Siku ya kupakia ulifika gatini asubuhi mapema na vumbi la Bunda bado liko kwenye vioo. Walikuambia tangi liwe tupu, ukakinga kwenye dumu ile petroli kidogo iliyobaki, ukampa dereva wa gari la wagonjwa. Halafu ukafungua nati, ukautoa usukani, ukauweka kwenye kikapu cha mama. "Asiwepo mtu wa kulijaribu njiani," ukasema. Winchi ilipoliinua gari, magurudumu yakaning'inia, ukavua kofia. Kuli mmoja akakuona.

"Mzee, usihuzunike. Juzi tulipakia ng'ombe na hawakulalamika."

"Ng'ombe ana miguu yake," ukamjibu. "Akifika anashuka mwenyewe."

Wote walicheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimeshika hati za mzigo, nimezijaza vizuri kabisa.

Ya Korogwe sikuyaona, lakini mama aliniandikia kila kitu. Mlishuka stesheni mkatembea kwa miguu, masanduku kichwani, wewe na kikapu mkononi. Wajomba walikuwa wamesimama mlangoni, wazee sasa, lakini hawakuwa wamesahau. Mjomba mkubwa akachungulia kikapuni.

"Shemeji, ndiyo gari hii?"

"Huo ni usukani. Gari liko njiani."

"Basi tukaribishe usukani ndani, utakuwa umechoka na safari."

Kuanzia siku hiyo walikuita Shemeji Usukani. Watoto wa mtaani nao wakafuata. Gari lilifika baada ya miezi mitano. Njiani, sijui mikononi mwa nani, lilitolewa magurudumu, taa, betri, rejeta, na mpaka kiti cha mbele, kile ambacho mama alikishonea mto. Mlilikokota na trekta mkaliweka nyuma ya nyumba. Mama aliandika kwamba kuku walianza kutagia ndani, na kwamba wewe huwafukuzi. Usukani uliutundika ukutani juu ya kitanda.

Uliniandikia mara nyingi, baba. Uliuliza afya yangu, ng'ombe, mvua. Hukuwahi hata mara moja kusema, "Wewe ndiye uliyenishauri." Kila barua yako niliifungua nikitafuta lawama, nisipoiona nilikuwa nakosa usingizi zaidi. Nilipanga kuja kukuambia. Mwaka wa kwanza niliogopa kazi. Baadaye mambo yakalegezwa, ikawa ruksa, maduka yakajaa, petroli ikauzwa kwa yeyote mwenye chombo. Kitengo chetu kikafungwa, tukaambiwa tuchome majalada ya zamani. Ombi lako sikulichoma. Nikalitia mfukoni. Sikuwa tena na afisa wa kumwogopa, nikagundua kwamba sasa nakuogopa wewe. Bibi akafa, mkasema mtarudi kwetu Butiama baada ya mavuno. Nikajiambia nitakwambia ukirudi.

Ukarudi kwa simu ya maandishi: BABA AMEFARIKI NJOO.

Hatukutaka ulale ugenini. Hospitali walikutia dawa, tukakodi pikapu. Mama akakaa mbele na dereva, mimi nikakaa nyuma pamoja nawe. Kabla hatujaondoka mjomba mkubwa alitoka ndani amebeba usukani kwa mikono miwili, akauweka pembeni ya jeneza. Alikuwa analia. "Huu ni wake," akasema. "Tulimtania mno. Mwambie nilikuwa natania tu." Hata yeye ananituma, nikawaza, na mimi mwenyewe sijasema langu.

Tulipita Chalinze, Morogoro, Dodoma. Ni daftari lako lilelile, baba, tulilisoma kinyumenyume. Barabara ilikuwa na mashimo na vumbi, na palipokuwa na makorongo dereva alipunguza mwendo akapita. Kila tuliposimama kwenye pampu alisema neno moja, "Jaza," na mtu akajaza. Mimi nilikuwa na ombi lako kwenye mfuko wa shati. Hakuna aliyeliuliza.

Singida tulisimama mchana kununua maji. Mwanamke akatuletea kuku wa kuuza, akawainua mpaka dirishani kwa mama. Mama akawatazama, akageuka kunitazama mimi. Hapo nikashindwa. Nikashuka, nikamwambia yote nikiwa nimesimama kando ya mlango wake: jalada, droo, Alhamisi ile. Nikampa karatasi. Aliisoma polepole, dereva akajifanya anakagua matairi.

"Kamati haikukataa?"

"Haikuiona, mama."

Akaikunja katika mikunjo yake ileile. "Ulikuwa unaogopa."

"Ndiyo."

"Ungemwambia kwamba unaogopa. Hata yeye alikuwa anawaogopa kaka zangu maisha yake yote. Angekuelewa." Kisha akasema maneno yale niliyoanza nayo, kwamba yeye si wewe. Nikamwomba anisamehe kwa niaba yako. Akasema hana niaba hiyo. Akanunua kuku wawili, kwa sababu uliandika anunue.

Karibu na Kiabakari askari alitusimamisha. Akalitazama jeneza, akavua kofia.

"Mmetoka wapi na marehemu?"

"Korogwe," dereva akasema.

"Kwa barabara yote hiyo?"

"Mbona ni nzuri tu, afande. Ni kwenda pole."

Niliinama, nikaushika usukani mpaka tulipoiacha barabara kuu kuingia Butiama.

Umezikwa karibu na babu, yule mwenye jina langu. Usukani baba mdogo alitaka tuuzike nawe, mama akakataa. Amesema atautundika mlangoni. Kukuomba msamaha naogopa, maana wewe hukuwahi kujua kosa, na mtu hawezi kusamehe asichokijua. Leo unajua. Jumamosi na hawa wote watajua, na mmoja wao akiniuliza, "Yule alikuwa nani wako?" nitajibu.

Jana nililisoma ombi lako tena, kama nilivyotakiwa kulisoma siku ile, nimesimama, kwa sauti, uani, peke yangu. Jina, gari, safari, sababu. Kwenye sababu umeandika: Kumrudisha mke wangu kwao kama nilivyoahidi. Kuna tarehe, kuna namba ya gari, kuna sahihi. Halikupungukiwa na kitu.

Lala, baba. Ni mimi,

mwanao uliyemwita baba.